Geji ya saa ya kupimia diski za breki: ningeinunua kabla ya kubadilisha diski mara mbili

Nina geji hii miezi 14 sasa na nimeshaifunga kwenye magari manne, kwa hiyo ninachoandika hapa si maneno ya mtu aliyefungua kisanduku jana. Ndani ya kisanduku kuna vitu vitatu: saa yenye mshale inayosoma mpaka sehemu moja ya mia ya milimita, kitako cha sumaku chenye swichi ya kuiwasha na kuizima, na mkono wa viungo unaoshika saa pale unapotaka. Wakerezaji vyuma wanaijua vizuri. Wenye magari wengi hawajawahi hata kuishika, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mimi ingeniepusha na mwaka mzima wa kubahatisha.

Niliinunua kwa tatizo moja tu. Gari langu ni la spoti, la milango miwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nikiwa kwenye kilomita 120 kwa saa nikakanyaga breki kwa nguvu, usukani ulianza kucheza kushoto kulia mikononi. Ilipofika kama 100 mtetemo ulikuwa mkali kiasi cha kutikisa saa yangu ya mkononi, kisha ukafifia, na chini ya 60 ukatoweka kabisa. Nikikanyaga kidogo kidogo, kama mtu anayekaribia taa za barabarani, sikuhisi kitu. Nisipokanyaga kabisa, gari lilitulia kama maji ya mtungini kwa mwendo wowote.

Fundi wa kwanza alilijaribu, akarudi, akasema, "Mama, hizi diski zimepinda, tubadilishe." Tukabadilisha diski za mbele na pedi zake. Gari likawa jipya. Baada ya kama kilomita 4,000 mtetemo ukarudi, mdogo mdogo, halafu ukakua. Gereji ya pili ikasema ni balansi, wakafanya balansi na alaimenti; hakuna kilichobadilika. Gereji ya tatu ikaniuzia diski tena, na safari hii nilinunua za bei ya juu nikiamini zile za mwanzo zilikuwa dhaifu. Zikatulia kilomita 5,000 hivi. Kisha usukani ukaanza tena.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kazi yangu ni maabara. Siku nzima napima, na sampuli ikitoa jibu lile lile mara tatu naacha kuilaumu sampuli, naanza kuchunguza mashine. Seti mbili za diski, kutoka viwanda viwili, zinapinda zote baada ya umbali unaolingana? Na wakati wote huo, katika gereji tatu, hakuna mtu hata mmoja aliyepima kitu chochote. Walisikiliza, wakashika usukani, wakatoa hukumu.

Kabla ya kufika kwenye geji yenyewe, niseme nilichofanya bila kifaa chochote, kwa sababu chombo hakikusaidii kama hujui ukielekeze wapi. Mtetemo unaokuja bila breki, hasa kati ya 80 na 110, mara nyingi ni tairi, rimu au balansi. Wangu haukuwa huo. Mtetemo wa breki unaosikika kwenye usukani kwa kawaida unatoka mbele, na ule unaosikika zaidi kwenye kiti na sakafu unatoka nyuma. Breki yangu ya mkono ni ya waya na inashika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwenye barabara tupu, iliyonyooka, nikiwa kwenye 70, niliivuta taratibu nikiwa nimebana kitufe chake ili isijifunge. Kimya. Nyuma kukawa salama. Kuna pia mguno wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), ule wa haraka haraka unaosukuma nyayo ukikanyaga breki mpaka tairi zinakaribia kuteleza. Huo ni kazi yake ya kawaida na usiuchanganye na ugonjwa. Wangu ulikuja hata kabla ABS haijaamka.

Kwa hiyo mbele. Sasa geji.

Jambo la kwanza lililonikera, na muuzaji hakuliandika popote: sumaku haishiki alumini. Magari mengi ya spoti yana kalipa (vile vishikio vinavyobana pedi juu ya diski) za alumini, na hata ule mkono unaobeba habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake) ni wa alumini, ili kupunguza uzito. Nilipandisha gari, nikaliweka kwenye stendi, nikatoa gurudumu, nikawasha sumaku, na kitako kikaanguka chini kama jiwe. Nilizunguka gurudumu zima nikitafuta chuma. Hatimaye nilikishikisha kwenye bomba la shokapu, ambalo ni chuma, lakini ni la mviringo na liko mbali na diski, kwa hiyo mkono ulilazimika kunyooshwa mpaka mwisho. Mkono ulionyooshwa hivyo unalegea. Ukiugusa kwa bahati mbaya, mshale unahama, nawe unaanza upya. Baadaye nilinunua koleo la kujifunga lenye mkono wa geji uliounganishwa juu yake, ambalo unalibana popote pale, alumini au chuma. Kama gari lako ni la aina hii, nunua vyote viwili siku moja. Kitako cha sumaku peke yake kitakutoa jasho.

Usikishikishe kwenye bodi ya gari wala kwenye stendi iliyo sakafuni. Gurudumu likining'inia, sasponsheni inacheza, na utakuwa unapima mchezo huo badala ya diski.

Saa yenyewe, nakiri, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Mshale unarudi mahali pale pale ukiunyanyua na kuuachia mara kumi. Nilijaribu hivyo mezani kabla sijaupeleka kwenye gari. Pete ya nje inazunguka ili uweke sifuri popote. Safari ya ncha ni milimita 10, zaidi ya kutosha. Kioo chake ni plastiki, na kimeshapata mikwaruzo, lakini namba zinasomeka. Skrubu ya marekebisho madogo kwenye mkono ndiyo dhaifu: inacheza, na lazima uikaze kwa kidole na kusubiri mshale utulie.

Namna ya kupima si ngumu, ila ina mitego. Ukitoa gurudumu, diski inabaki imeegemea tu kwenye habu, imelegea. Ukipima hivyo utapata namba za kutisha zisizo na maana. Lazima urudishe nati zote, zikiwa na washa (pete bapa za chuma) chini yake, uzikaze kwa msalaba kama unavyofunga gurudumu, ili diski ikae jinsi inavyokaa barabarani. Nilizikaza kwa nguvu ile ile inayotakiwa kwa nati za gari langu, nyutoni-mita 110, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Toa pedi zisikusumbue. Futa diski kwa kitambaa safi. Weka ncha ya geji milimita 10 hivi kutoka ukingo wa nje, imesimama wima juu ya uso wa diski, iingie ndani kama milimita moja, kisha zungusha pole pole mpaka uone mshale umefika chini kabisa. Hapo ndipo sifuri. Zungusha tena duara zima na usome ulipofika juu kabisa.

Mara ya kwanza niliweka sifuri katikati, nikaona mshale unakwenda 5 upande huu na 6 upande ule, nikaandika milimita 0.05 nikafurahi. Ilikuwa kosa. Kinachohesabiwa ni safari yote ya mshale, kutoka chini mpaka juu. Kushoto ilikuwa 0.02. Kulia ilikuwa 0.11.

Watengenezaji wengi wanataka diski isiyumbe zaidi ya 0.05 ikiwa imefungwa kwenye gari. Wengine wanaruhusu kufika 0.10. Ile 0.11 ni kama unene wa karatasi moja ya kawaida ya ofisini. Ukiitazama diski ikizunguka kwa macho huoni kitu. Mimi nilikaa pale sakafuni nikauzungusha na kuuzungusha ule upande wa kulia, nikautazama mshale ukipanda na kushuka mahali pale pale, na nikajua kwamba jibu lilikuwa limekaa hapo muda wote, ndani ya gurudumu moja.

Lakini ni diski, au ni kile kinachoibeba? Hapa ndipo geji inapolipa thamani yake yote. Niliweka alama ya chaki kwenye boliti moja ya habu na alama ya kalamu kwenye diski, mahali palipokuwa juu kabisa. Nikatoa diski, nikaizungusha boliti moja mbele, nikaifunga tena kwa nguvu ile ile. Niliona kutu nyuma yake lakini sikuigusa bado. Nilitaka kwanza kujua. Kama kilima, yaani pale mshale unapofika juu kabisa, kingehama pamoja na alama ya kalamu, ugonjwa ungekuwa wa diski. Kilibaki na chaki. Diski ilikuwa imehama, kilima kimebaki na habu.

Kwa hiyo zile diski mbili nilizonunua zilifungwa zote juu ya habu yenye kasoro, na zote ziliharibika kwa njia ile ile.

Nilipoitoa tena na kuangalia kwa tochi, karibu na ile boliti kulikuwa na ganda la kutu lililoshikamana na uso wa habu, gumu, jembamba sana, la ukubwa wa ukucha. Uso wa habu una nusu kipenyo cha kama milimita 70, na ncha yangu ilikuwa kwenye milimita 150 kutoka katikati. Kwa hiyo chochote kinachoinua diski pale ukingoni mwa habu kinaonekana zaidi ya mara mbili kikifika ukingoni mwa diski. Uchafu wa sehemu tano za mia moja za milimita, ambao kidole hakiuhisi, unatosha kabisa. Hakuna gereji hata moja iliyosugua habu. Walitoa diski ya zamani, wakabandika mpya juu ya kutu, wakafunga nati kwa mashine ya upepo.

Nilisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa mwembamba juu ya kibao bapa ili nisichimbe mashimo, kisha nikafuta kwa kisafisha breki. Nyuma ya diski hivyo hivyo. Nikaigusisha geji kwenye uso wa habu wenyewe: 0.02. Nikajaribu pia beringi, kwa kulivuta na kulisukuma gurudumu huku ncha ikiwa kwenye habu: halikuwa na mchezo wa kunitia wasiwasi. Diski ikarudi: 0.05. Nikaihamisha boliti mbili: 0.03. Hapo nikaiacha, nikachora alama ili siku nyingine irudi mahali hapo hapo. Diski ya boliti tano ina nafasi tano za kukaa, na kasoro ndogo ya diski inaweza kufuta kasoro ndogo ya habu. Usiifunge tu inavyoangukia. Jaribu zote tano.

Nikaenda barabarani nikiwa na furaha. Usukani ukatetemeka vile vile.

Hili ndilo jambo ambalo kisanduku cha geji hakikuelezi, na ambalo mtu anaweza kulaumu chombo bure. Kuyumba peke yake si ndiko kunakotikisa usukani. Kalipa inafuata diski inayoyumba kidogo bila shida. Kinachotikisa ni tofauti ya unene. Diski inapoyumba, kila mzunguko ile sehemu iliyojitokeza inapita ikiigusa pedi, hata kama hujakanyaga breki. Tairi zangu ni 225/45 za inchi 17, mzingo wake ni mita 2 hivi, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 500 kila kilomita. Katika kilomita 4,000 ni mizunguko milioni 2. Sehemu inayoguswa inalika au inapakwa utando wa pedi, na diski inaacha kuwa na unene mmoja. Ndiyo maana kila seti mpya ilinipa amani ya kilomita elfu kadhaa kabla ya kuharibika. Ukikanyaga breki, mahali panene panazisukuma pedi nyuma na nguvu ya breki inapanda, penye wembamba inashuka. Kwa kilomita 100 kwa saa hilo linatokea mara 14 kila sekunde, na sasponsheni pamoja na mfumo wa usukani vina mdundo wao wa asili karibu na hapo, vinaitikia. Mwendo ukishuka chini ya 60, mdundo unakuwa mara 8 tu, vinanyamaza. Nilipoielewa hesabu hii nilifarijika sana, kwa sababu kila nilichokihisi mikononi kwa mwaka mzima kilipata sababu yake.

Tofauti ya unene haipimwi kwa geji ya saa. Inahitaji maikromita (kipimo cha unene kinachokazwa kwa skrubu), na kwa diski ya milimita 28 ni ile ya 25 mpaka 50. Niliazima ya kampuni ya Mitutoyo kazini kwa rafiki yangu mkerezaji. Kipimo cha kawaida cha kuteleza (venia) hakifai, usomaji wake si mwembamba kiasi hicho. Nilipima sehemu nane kuzunguka diski, zote umbali mmoja kutoka ukingoni. Kushoto tofauti kati ya panene na pembamba ilikuwa 0.006. Kulia ilikuwa 0.018. Watengenezaji wengi huweka kikomo kati ya 0.01 na 0.02, na kwenye gari lenye sasponsheni ngumu na bushi (mipira ya viungo) ngumu kama langu mtu anahisi mapema. Unywele wa kichwani ni mnene karibu mara nne ya namba hiyo.

Diski haikuhitaji kutupwa. Ilikuwa bado na milimita 27.4, na kikomo kilichogongwa kwenye ukingo wake ni 26. Mkerezaji alizikereza zote mbili, kulia na kushoto, 0.2 kila uso, zikabaki 27.0. Nikazifunga kwenye habu safi, nikapima tena: 0.02 na 0.03. Nati nikazikaza kwa mkono, kwa msalaba, kwa hatua mbili. Pedi nikaweka mpya, nikazizoesha kwa kushuka kutoka 100 mpaka 20 mara kumi bila kusimama kabisa, kisha nikaendesha taratibu zipoe. Hapa nasisitiza: baada ya breki kali usisimame ukiwa umebana pedali. Pedi ya moto iliyobanwa mahali pamoja inaacha alama yake juu ya diski, na unaanza safari ile ile kwa mlango mwingine.

Tangu siku hiyo nimekwenda kilomita 9,000. Natoka 130, nakanyaga kwa nguvu, usukani unanyooka mikononi. Mara mbili nimeshuka milima mirefu kwa makusudi ili niuchokoze. Hakuna kitu.

Magari mengine matatu niliyopima ni ya jamaa na marafiki. Moja lilikuwa na pini za kalipa zilizokauka, pedi ya ndani imebana muda wote. Geji ilionyesha diski haiyumbi sana, lakini gurudumu moja lilikuwa la moto kuliko mwenzake kila baada ya safari. La pili lilikuwa na bushi ya nyuma ya mkono wa chini iliyopasuka. Diski zake zilikuwa na kasoro ndogo tu, 0.04, ila bushi ile ilikuwa ikikuza kila mtikiso mdogo. La tatu lilinishinda kwa geji na kwa maikromita. Kila kitu kilisoma vizuri likiwa limepoa, lakini likipashwa moto breki zinatetemeka, na usoni mwa diski kulikuwa na madoa ya bluu. Chuma cha diski kikivuka nyuzijoto 700 hivi kinaweza kuota madoa magumu ambayo hayaliki sawa na chuma kilichoyazunguka, na yanarudi hata baada ya kukerezwa. Mwenye gari hilo nilimwambia abadilishe diski bila kusita. Geji inapima diski baridi, iliyosimama gereji. Kinachotokea kwenye moto haikioni.

Nani ainunue? Mwenye gari anayejua kulipandisha na kuliweka kwenye stendi salama, ambaye usukani wake unacheza kwenye breki kali na ameshaambiwa diski zimepinda. Kama hufanyi kazi ya mikono, usinunue, ila ukienda gereji mwambie fundi, "Nipimie kwanza, uniandikie namba ya kila upande," na ukae uangalie mshale. Fundi mzuri hatakasirika. Yule niliyempata baadaye alinipa kiti.

Mahali pabaya pake ni matatu: mkono unaolegea ukinyooshwa, skrubu ya marekebisho inayocheza, na ukimya wa muuzaji kuhusu sumaku na alumini. Kwenye diski zenye matundu au mifereji ncha yake ndogo inadumbukia na mshale unaruka. Tafuta njia ya duara isiyo na tundu, au nunua ncha bapa. Saa yenyewe haina lawama.

Naipa nyota nne. Jumamosi iliyopita nilitoa gurudumu la kulia kubadilisha tairi, nikaipachika geji tena kabla ya kufunga: 0.03, na kilima kiko pale pale kwenye chaki.